Kijapani cha Baba

Deki ya video iliyokaa siku nyingi bila kuwashwa hutoa harufu ya vumbi linaloungua. Wenzangu wa rika langu wanaijua, na nikiitaja huwa wanacheka na kuanza kutaja mikanda waliyoitazama kwa jirani, wamekaa sakafuni, wamebanana. Mimi sicheki. Kwetu Mkonze harufu hiyo ilichanganyika na ya dawa ya kuchua, kwa sababu mdogo wangu Yona alikuwa akichuliwa magoti na viwiko huku tunatazama, na mpaka leo pua yangu haiwezi kuzitenganisha.

Mwezi uliopita kijana wa kompyuta ofisini kwetu alipata deki kuukuu mahali fulani, akaifungua mezani kwake na kuichomeka kwenye umeme ili aone kama inazunguka. Nilikuwa napita na makaratasi yangu. Nikasimama.

"Dada, vipi, unalia?"

"Vumbi hilo. Zima."

Hakuzima, na mimi sikuondoka. Nikajikuta namsimulia habari za katuni ya Kijapani tuliyokuwa nayo nyumbani, yenye jitu la chuma linalolala ndani ya mwamba, na kijana mwembamba anayepanda kifuani mwake na kuliamsha. Sikujua jina lake. Kwa miaka yote hii nilikuwa nikiulizauliza, watu wakinitajia nyingine. Huyu kijana akaruka kwenye kiti.

"Hiyo naijua! Ya zamani hiyo, Dada, wewe ulikuwa bado mtoto. Wameitoa upya kwenye diski, picha imesafishwa, chini wameweka maneno ya Kiingereza. Nitakutafutia."

Akanitafutia. Baada ya wiki mbili aliniletea kasha la diski sita, na nyuma ya kasha kuna picha ya yule kijana wetu mwembamba wa katuni amesimama mbele ya mwamba, upepo unapeperusha nywele zake. Nililitia kwenye mkoba nikarudi nalo Ipagala, ninakoishi, nikaliweka juu ya friji siku nne bila kuligusa.

Inabidi nieleze lilikotoka jambo lenyewe. Baba yetu alikuwa dereva wa mradi wa visima. Kwa miaka mitatu alimwendesha mtaalamu mmoja wa Kijapani, mzee mpole aliyejua Kiswahili cha kuungaunga, wakienda na kurudi Chemba na vijiji vya huko, wakitafuta maji chini ya ardhi kavu. Mjapani alipomaliza muda wake alimwachia Baba televisheni, deki na katoni ya mikanda sita aliyoletewa na wanawe kutoka kwao ili asipweke. Baba aliingia uani na vitu vile jioni moja akipiga honi tangu barabarani, kama analeta bibi harusi. Mama, aliyekuwa mwalimu na mtu wa kwaya, alitandika kitambaa cha kufuma juu ya televisheni kabla hata haijawashwa.

Mikanda ilikuwa ya Kijapani kitupu, haina hata herufi moja ya kumsaidia mtu. Lakini Baba alikuwa amekaa na Mjapani miaka mitatu, na kwetu sisi hilo lilitosha kuwa ushahidi kwamba anakijua Kijapani. Alivuta kiti karibu na kioo, akasafisha koo, akaanza kutafsiri. Wale waliowahi kulipa kiingilio kwenye vibanda vya video wanafahamu jinsi watafsiri wanavyofanya: hawangoji mhusika amalize, wanapandisha sauti juu yake, wanaongeza utani, wanawapa watu majina ya mtaani. Baba alikuwa hivyo hivyo. Kijana mwembamba akamwita Ndahani. Jitu la chuma akaliita Katapila, kwa sababu mashine kubwa kuliko zote alizowahi kuziona ni ile iliyochimba mitaro ya mradi. Mfalme wa maadui akamwita Bwana Afya, jina la yule mkaguzi aliyekuwa akipita mtaani kukagua vyoo, na tulikuwa tukimzomea hadi majirani wanakuja kuchungulia.

Yona alicheka kuliko sisi sote. Alikuwa na miaka tisa wakati huo, mimi kumi na mmoja. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu, ule wa damu wa kuzaliwa nao, ingawa nyumbani neno hilo halikutamkwa. Tulisema "mifupa ya Yona". Mifupa ya Yona ilimuuma zaidi wakati wa baridi, upepo wa Julai unapokuja na vumbi jekundu na kupenya madirishani. Macho yalikuwa ya manjano na tumbo limetuna kidogo. Ikimzidi alipelekwa hospitali, akalazwa, akaongezewa damu, akarudi siku ya nne amechangamka na njaa ya kumaliza ugali wa watu wawili kwa mlenda.

Sasa, katika hadithi ile kulikuwa na jambo moja lililorudiwa kila sehemu. Ndahani akishapanda kifuani mwa Katapila, mirija miwili inashuka na kumshika mikono, na kitu chekundu kinapita ndani yake. Hapo ndipo macho ya jitu yanawaka na mwamba kupasuka. Mara ya kwanza tulipoliona hilo tulimgeukia Baba wote wawili. Baba alinyamaza kidogo. Nakumbuka kunyamaza kule kwa sababu haikuwa kawaida yake. Kisha akasema, "Hapo anaongezewa damu. Apate nguvu za kupigana."

"Kama mimi!" Yona akasema.

"Kama wewe."

Basi mimi nikalibeba hilo kama mtoto anavyobeba, zima zima. Kuongezewa damu ni kupanda Katapila. Yona alipolazwa tena nilimsindikiza Mama wodini, na nesi alipotundika chupa nilimnong'oneza Yona kwamba tayari ameshaingia, asubiri macho yawake. Shuleni niliwaambia wenzangu kuwa mdogo wangu hakuja kwa sababu ana mazoezi maalumu. Kuna siku nilimwomba Mungu Yona aumwe haraka ili aongezewe tena, maana nilimwona amepungua nguvu na niliamini kila akiingia anatoka na nguvu zaidi. Niliomba hivyo nimepiga magoti, kanisani, Mama akiwa mbele yangu anaimba sauti ya pili. Sijawahi kumwambia mtu hadi leo ninapoandika.

Tulitazama mikanda mitano hivyo, Jumamosi na Jumapili mchana, tukirudia hadi picha zikaanza kuingia mistari. Wa sita Baba aliuweka akiba. Alisema ni wa Krismasi.

Siku mambo yalipobadilika ilikuwa Jumamosi, wiki chache kabla ya Krismasi. Baba alikuwa safari ya Chemba, Mama yuko mazoezini na kwaya. Mimi nilikuwa naosha vyombo uani, karibu na mizabibu yetu, nikasikia deki imewashwa lakini sauti haipo. Nikaingia na mikono yenye povu. Yona amekaa karibu kabisa na kioo, blanketi mabegani, amepunguza sauti mpaka mwisho.

"Mbona huweki sauti?"

"Sihitaji. Njoo uone, Dada."

Akarudisha mkanda nyuma, akausimamisha pale mirija inaposhika mikono. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Ya kwangu inatoka kwenye chupa inakuja mkononi. Nimeangalia sana, tone kwa tone, sina kazi nyingine mle wodini. Ya Ndahani angalia inavyokwenda. Inatoka mkononi."

Nikaangalia. Sikuona chochote, au nilikataa kuona. Nikamwambia Baba amesema anaongezewa.

"Kama anaongezewa, mbona mkanda wa kwanza alishuka kwa kuruka, wa tatu akashuka kwa ngazi, na huu wa tano dada yake anambeba?"

"Amechoka vita."

"Dada, Baba hajui Kijapani."

Nilihisi kama ametukana kanisani. Lakini hakuwa na ukorofi wowote usoni. Alikuwa ananieleza tu, taratibu, kama mtu aliyefanya hesabu na anataka mwingine amhakikishie jibu. Akauachia mkanda ukaenda, na bila sauti yeye mwenyewe akaanza kutafsiri, si kwa mbwembwe za Baba, bali kwa sauti yake ndogo. Pale Ndahani amelala mapajani mwa dada yake, Yona akasema, "Hapa anamwambia, najua sitafika mbali. Anamwambia, usiwaambie wengine, watalia. Wewe tu ndiyo nakwambia."

Kisha akanigeukia. Macho yake ya manjano yalikuwa makavu kabisa. "Huyu anakufa, Dada. Si ndiyo?"

Ningetoa chochote nilicho nacho sasa hivi, nyumba yangu ya Ipagala na kila kilichomo, ili nirudi pale mlangoni na mikono yangu ya povu na kusema "ndiyo", au hata "sijui", au nikae chini tu. Nilimfokea. Nikamwambia ana roho mbaya, Ndahani hafi, na akiendelea kusema hivyo ndiyo atasababisha. Nikazima televisheni. Yona akakunja blanketi lake pembe kwa pembe, akaenda kulala, saa tisa mchana.

Baba aliporudi nilimshitaki kabla hajavua viatu. Nilimwambia kila kitu, mpaka hilo la kwamba hajui Kijapani, nikitegemea angecheka na kumwita Yona amrekebishe. Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango muda mrefu na funguo za gari mkononi. Kesho yake mikanda yote sita ilikuwa imefungiwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chao, na tukaambiwa deki imeharibika. Krismasi ikaja ikapita. Wa sita hatukuutazama.

Yona hakunikasirikia. Hicho ndicho kinachoniuma. Aliendelea kunigawia vipande vyake vya nyama na kunisaidia hesabu ingawa alikuwa nyuma yangu madarasa mawili. Ila hakuniuliza tena kitu cha namna ile. Ikimuuma, ukimwuliza, anasema "sijambo". Mama alisema amekua, amekuwa jasiri, na akamsifia mbele ya wanakwaya. Mimi pia nilijisikia fahari. Alikufa Julai iliyofuata, asubuhi, wodini, mimi nikiwa darasani nanakili kutoka ubaoni. Mama alikuwa naye. Nilipomwuliza mwisho alisema nini, Mama alisema hakusema kitu. Aliomba maji, akasema sijambo.

Mama naye ameshatangulia. Kazi yangu mimi, kama kuna anayejali, ni kuandika yanayosemwa kwenye vikao, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, na wakubwa wananisifu kwa hilo.

Siku ya tano nilitoa kasha juu ya friji. Nilitazama diski tano kwa Jumamosi mbili, mchana, pazia nimelifunga. Mara ya kwanza mirija iliposhuka nilisimamisha picha na kusoma maneno ya chini. Dada yake Ndahani, huyo ambaye Baba alimtafsiri kuwa anasema "pigana, mdogo wangu", anauliza: leo limekunywa kiasi gani? Katapila halikumpa mtu damu hata siku moja. Lilikuwa linakunywa. Bonde zima wanakoishi akina Ndahani linajua hivyo, na kila kizazi linalitolea mtoto mmoja. Na pale kwenye mkanda wa tano, Ndahani akiwa mapajani mwa dada yake, anasema: sitavuka msimu huu, wengine usiwaambie.

Yona alikuwa na miaka tisa, na aliipata sahihi kuliko Baba na kiti chake.

Diski ya sita sikuiweza peke yangu. Au nisijisifu, nilikuwa na hasira na nilitaka mtu wa kumwangushia. Jumapili baada ya ibada nilichukua kompyuta yangu ndogo nikaenda Mkonze. Baba anaishi palepale na binti wa kumpikia. Amezeeka, magoti yamekwisha kwa miaka ya kukanyaga klachi, lakini masikio ni mazima na macho bado yanaona picha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Mbona umenuna? Umeacha chakula motoni?"

Niliweka kompyuta juu ya stuli, nikatia diski, muziki wa mwanzo ukalia. Mkono wake uliokuwa unatafuta fimbo ukasimama hewani.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Baba, ulikuwa unakijua Kijapani?"

"Nilijua asante, simama, na polepole." Akatafuta fimbo akaipata, akailaza magotini. "Lakini hadithi niliijua. Yule mzee alinisimulia yote njiani kwenda Chemba, mwanzo mpaka mwisho. Tulikuwa na saa nyingi mle garini."

"Kwa hiyo ulijua damu inakwenda wapi."

"Nilijua."

"Na ukasema anaongezewa."

"Sasa ulitaka nimwambie nini mtoto?" Sauti ilipanda, kisha ikamshinda. "Kanigeukia akiwa amenikalia mguuni. Na daktari alikuwa ameshatuambia, mimi na mama yako. Nimtafsirie kwamba huyu kijana anakufa, nawe unakufa, tuendelee kutazama?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Nikamwuliza kwa nini basi aliifungia mikanda. Akasema haikuwa kwa sababu ya Yona.

"Yona alishajua, wewe mwenyewe ulikuja kuniambia. Nilifungia kwa sababu yangu. Huo wa mwisho nisingeweza kuudanganya. Nilishautazama mara moja peke yangu, hauna pa kudanganya."

Nje binti alikuwa anapepeta uwele na kuku wanamzunguka. Hasira niliyotoka nayo Ipagala niliitafuta sikuiona, na mahali pake hapakuwa na kitu kizuri zaidi.

"Weka," Baba akasema. "Unitafsirie wewe. Sawasawa, usinifanyie niliyofanya."

Nikaweka. Ndahani anapanda kwa mara ya mwisho, hawezi kutembea, dada yake amembeba mgongoni mpaka kwenye mwamba. Nilimsomea Baba kila mstari. Mirija ikashuka. Mlango wa chuma ukajifunga, dada akabaki nje, ameegemeza shavu kwenye chuma, na kijana ndani anaongea.

"Anasema nini?"

"Anasema, naogopa."

"Na huyo msichana?"

"Anasema, nipo. Nakusikia. Sema."

Nilingoja msichana aseme "utapona", kama mtu anayetazama kwa mara ya kwanza. Hakusema. Kijana alieleza anachokiogopa, kimoja baada ya kingine: giza, kusahaulika, kwamba mama atalaumiwa. Dada yake kwa kila kimoja alijibu "nakusikia", basi. Nilisoma vyote. Ni dakika chache tu. Mtoto wa miaka kumi na mmoja angeweza kufanya alivyofanya msichana yule, hakuna maarifa yoyote yanayohitajika.

Baba alikuwa hatazami tena kioo. Alikuwa ananitazama mimi.

"Yona alikwambia hivyo? Kwamba anaogopa?"

"Alianza kuniambia, Baba. Nikaja kukushitaki."

Alitikisa kichwa, si kwa kunilaumu, na si kwa kunisamehe pia. Tulikuwa watu watatu, mimi, yeye na Mama, katika nyumba moja na mtoto mgonjwa, kila mtu akimficha mwenzake, na mtoto mwenyewe akitusaidia kuficha.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema. "Pale anaposema."

Nikarudisha. Mlango wa chuma ukajifunga tena, msichana akaegemeza shavu lake tena, na yule mtoto ndani akasema kwa Kijapani.

"Anasema, naogopa."

Baba akainama mbele mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. "Sema, baba," akasema. "Sema tu. Tunakusikia."

Akasubiri. Picha ikaenda, dakika zile chache zikaisha, macho ya jitu yakawaka, msichana akabaki amekaa chini ya mwamba peke yake. Baba akanigeukia nimtafsirie.

"Hasemi kitu, Baba," nikamwambia. "Ameshanyamaza."